Moyo Mzima, Sehemu ya Tisa: Marehemu Aleta Picha Itiwe Fremu

Bahasha ilimponyoka Almasi mkononi, picha ikateleza juu ya kioo, ikasimama ukingoni mwa meza kama inayotaka kujitupa.

Ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, msomaji wangu: dukani kwa mjomba wake, macho yamemtoka, mate yamemkauka. Bwana harusi katika picha ile ni Mizani, mchumba wake, mkaguzi wa mizani za sokoni, mwanamume aliyekuja kuposa ameinamisha kichwa na kusema, "Mke wangu alifariki." Na bibi harusi ni yule mteja aliyetoka mlangoni dakika mbili tu zilizopita, kwa miguu yake mwenyewe, mkoba begani.

Marehemu ameleta picha yake itiwe fremu!

Almasi akatoka mbio. Nje, barabara ilikuwa imejaa. Fundi viatu alikuwa anagonga kisigino. Wanawake wawili walikuwa wanavutana ndoo. Mteja hakuonekana kulia wala kushoto.

"Fundi, hujamwona mama mmoja, gauni la kijani?"

"Mimi huona viatu, dada. Alivaa viatu gani?"

Almasi akageuka. Alirudi ndani, akaiokota picha, akaiweka, akaiokota tena. Akaenda nyuma ya pazia, karakana ya fremu.

"Mjomba!"

Mjomba alikuwa ameinama juu ya fremu, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana midomoni kama kawaida yake. Humo dukani, mtu akipiga kelele swali ni moja tu.

"Umevunja?"

"Sijavunja."

"Sasa mbona unalia kama umevunja?"

Akamwekea picha mbele. Mjomba akaitazama. Akaanza kutema misumari kiganjani, mmoja mmoja, polepole, mpaka mdomo ukabaki mtupu.

"Huyu si mkwe wetu?"

"Ni yeye."

"Na huyu wa pembeni?"

"Ni mteja. Ameiacha sasa hivi. Amesema atarudi saa nane."

"Mke wake si alifariki?"

"Ndivyo alivyotuambia." Almasi akajishika kifua kwa mikono miwili. "Mjomba, moyo wangu umevu…"

Hakumaliza. Kiganja cha mjomba, chenye harufu ya gundi na msasa, kilimziba mdomo.

"Koma! Siku nyingine zote lisemeni mtakavyo. Leo hapana. Unajua leo ni siku gani wewe?"

Alijua.

Huku nje neno hilo ni jepesi. Timu ikifungwa, shabiki anasema moyo umevunjika. Mvua ikianguka siku ya kufua, moyo umevunjika. Msichana akiachwa solemba, ndiyo kabisa, atalisema asubuhi na jioni mpaka majirani walichoke. Wanalisema, wanapangusa pua, wanaendelea kula.

Katika ukoo wa baba yake Almasi, neno hilo lina mahali pake. Siku nane kabla ya harusi wazee hukaa kitako, na mkubwa wao humwuliza binti swali moja tu: "Moyo wako mzima?" Akisema "Mzima," harusi ipo. Akisema "Umevunjika," uchumba umekufa pale pale. Posa inarudi, viti vinakunjwa. Na hakuna mtu yeyote, hata mama aliyemzaa, mwenye ruhusa ya kumwuliza kwa nini.

Siku yenyewe ilikuwa leo. Saa kumi alasiri.

"Usilitamke ovyo," Mjomba alisema, akimwachia mdomo. "Mimi ni wa upande wa mama yako, lakini ukoo ule naujua. Likikutoka limekutoka. Sasa tulia tuitazame hii kazi kwa macho ya fundi."

Akachukua kioo cha kukuzia, akafumba jicho moja.

"Mteja wako alikuwaje?"

"Mrefu. Macho haya haya. Mdomo huu huu. Na alikuwa na baka jeusi shavuni, ukubwa wa punje ya choroko."

"Shavu gani?"

"La kushoto."

"Una hakika?"

"Mjomba, nimemwona kama ninavyokuona wewe!"

Mjomba akamsogezea picha, akaweka ncha ya msumari juu ya uso wa bibi harusi.

"Haya. Baka la huyu liko wapi?"

Almasi akainama. Baka lilikuwepo, jeusi, la mviringo. Shavu la kulia.

"La kulia," alinong'ona.

"Basi si yeye! Kuzaliwa na baka ni kazi ya Mungu, na Mungu hahamishi baka kutoka shavu hili kwenda lile. Huyo uliyemwona ni ndugu wa marehemu. Dada, mdogo mtu, hata binamu. Watu wa damu moja hufanana. Ameleta picha ya dada yake itundikwe ukutani. Kuna kosa gani hapo?"

Almasi aliketi juu ya kreti la vioo. Akacheka. Machozi yakatoka katikati ya kicheko, akayafuta kwa pindo la aproni. Masikini Mizani! Kidogo tu angemhukumu mtu wa watu kwa sababu ya kufanana kwa sura.

"Nenda kamalize kioo cha dirisha la mwalimu," Mjomba alisema, akirudisha misumari midomoni. "Na ukimaliza, ukaoge. Unanuka wasiwasi."

* * *

Saa sita kamili Shangazi aliingia bila hodi, mfuko wa nguo mkononi, jasho kwenye paji. Ndiye aliyemlea Almasi tangu baba yake alipofariki. Ndiye dada mdogo wa Baba Mkubwa, mkuu wa ukoo na mwenye kuuliza lile swali, na ndiye mwanamke pekee katika ukoo aliyefika umri ule bila kuolewa.

"Bado uko kazini? Wewe mtoto una kichaa? Wazee wanafika saa kumi, na kucha zako zinafanana na za fundi magari!"

"Namaliza mstari huu, Shangazi."

"Mstari, mstari! Utaolewa na mstari?"

"Huu angalau haukoromi."

"Nani kakwambia Mizani anakoroma? Ee! Nani kakwambia?"

Almasi akacheka. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ya siku zote, mgongo kaunta, uso ukutani. Ukuta ule wote umefunikwa na vioo vya kujitazamia vinavyosubiri wanunuzi, vikubwa kwa vidogo. Miaka kumi na moja amefanya kazi pale. Wateja huwaona humo humo kiooni, huwasalimu humo humo, na wao wamezoea kumjibu mgongo. Kwa sababu kukata kioo hakuna kugeuka. Ukishaanza kuchora mstari kwa almasi, kile kisu cha kukatia kioo, unauvuta mpaka mwisho kwa pumzi moja. Ukisita katikati, kioo kitakatika kitakapotaka chenyewe. Jina lake la utani lilitoka kwenye kifaa hicho, na sasa hata wazee wake hawakumbuki kumwita jingine.

Mjomba akatokea nyuma ya pazia. "Almasi, dirisha la mwalimu ni inchi ngapi upana?"

Almasi alimwona kiooni akisimama nyuma yake, penseli ameichomeka juu ya sikio la kushoto.

"Chukua penseli yako hapo uandike," alimwambia bila kugeuka. "Sikio la kushoto."

Mjomba akapapasa sikio la kushoto. "Haipo."

"Ipo, naiona!"

"Mtoto, nakwambia haipo." Akapapasa upande wa pili. "Hii hapa. Kulia."

Mkono wa Almasi ukaganda katikati ya mstari.

Kraa!

Kioo cha mwalimu kilipasuka kutoka pembe hadi pembe.

"Umevunja," Mjomba alisema.

Safari hii alikuwa kweli amevunja, lakini Almasi hakukitazama kioo. Alikuwa anaitazama penseli, mara kiooni, mara kwa mjomba, mara kiooni.

"Mjomba. Sikumwona."

"Hukumwona nani?"

"Yule mteja! Sikugeuka. Nilikuwa katikati ya mstari. Nilimwambia weka mezani mama, akaweka, akaondoka. Nilimwona humu." Akagusa kioo kwa kidole. "Humu! Baka nililoliona la kushoto…"

Mjomba akaitoa penseli sikioni polepole, kama inayounguza.

"Ni la kulia," akamalizia.

Mtu asiyeishi na vioo angekumbuka tangu mwanzo kwamba alimwona mteja kiooni. Almasi alikuwa amezoea mno. Kwake yeye, uso wa kiooni na uso wa mtu vilikuwa kitu kimoja.

"Mnazungumza nini nyie?" Shangazi alifoka. "Baka la nani?"

Wakamwonyesha picha. Wakamweleza. Shangazi aliketi, akasimama, akaketi tena, akaufungua mfuko wa nguo na kuufunga bila kutoa kitu.

"Muongo mkubwa!" alisema mwishowe. "Alikula kwangu! Alilia mezani kwangu! 'Shangazi, marehemu alipenda sana mboga kama hii.' Nikamwongeza!"

* * *

Saa nane ilipofika Almasi alikuwa ameshafagia duka mara tatu. Hakuna aliyekwenda kuoga. Mjomba aligonga msumari huo huo mpaka kichwa chake kikabonyea.

Mlango ukasukumwa.

Gauni la kijani. Mkoba begani. Almasi safari hii aligeuka mwili mzima, akamtazama uso kwa uso. Baka lilikuwa pale pale. Shavu la kulia.

"Imekuwa tayari, binti?"

"Bado, mama. Nilikuwa nataka kuuliza. Huyu bwana harusi ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Na bibi harusi?"

Mwanamke akacheka kidogo. "Nimezeeka hivyo?"

"Watu wanasema alifariki."

Kicheko kilikatika. Mwanamke akashika ukingo wa kaunta. Almasi alisubiri akane, alie, atukane, ajifanye hasikii. Mwanamke akavuta pumzi ndefu, akaitoa yote.

"Basi ujumbe ulifika," alisema.

Shangazi, aliyekuwa amekaa kando kama paka anayesubiri, akaruka. "Ujumbe gani?"

"Na wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni mtu mwenye masikio. Sema!"

Mjomba akamsogezea mgeni kiti. Akaketi, mkoba magotini, ameukumbatia.

"Nilikwenda ng'ambo kufanya kazi za nyumbani. Tuliagana miaka miwili. Mwaka wa pili ukanikuta na aibu ambayo sikuweza kurudi nayo. Nikamwambia mwenzangu mmoja apige simu aseme niliugua, nimekufa, nimezikwa huko huko. Nilidhani namrahisishia. Mtu akifiwa analia, anapewa pole, anaendelea. Mtu akikimbiwa anaendelea na nini?"

"Kwa hiyo yeye hajui?" Almasi aliuliza. Sauti yake alikuwa anaisikia kwa mbali.

"Atajuaje? Nilihakikisha."

"Aibu gani?"

"Hiyo nitamwambia mwenyewe."

Loo! Asubuhi Mizani alikuwa muongo. Kabla ya adhuhuri akawa mwema. Saa sita na nusu akawa muongo tena. Sasa, saa nane na robo, alikuwa mtu aliyelilia kaburi ambalo halipo.

"Picha umeileta hapa kwa nini?" Mjomba aliuliza. "Duka la fremu si hili tu."

"Niliulizia sokoni. Wakaniambia mkaguzi hupita hapa kila jioni, hakosi. Nikajua mwenye duka lazima awe rafiki yake sana." Akamtazama Mjomba kwa heshima. "Nikasema nyie mkiitundika hapo ukutani, ataiona mimi nikiwa sipo. Akitabasamu mtaniambia. Akiitupa chini mtaniambia pia. Sina ubavu wa kuukabili uso wake."

Mjomba akakohoa. Kila jioni Mizani hupita, ni kweli, na salamu anazompa Mjomba hazizidi mbili.

"Na kama ana mchumba?" Almasi aliuliza.

"Anaye?"

"Anaye."

Mwanamke akatazama chini. "Mzuri?"

"Mzuri kuliko wewe!" Shangazi akadakia.

"Shangazi!"

"Ameuliza, nimejibu."

Mwanamke aliinua macho. Akamtazama Shangazi, akautazama mfuko wa nguo, kitambaa cheupe kimechungulia mdomoni mwake. Akamtazama Almasi, kuanzia aproni mpaka macho mekundu. Nje fundi viatu aligonga, akaacha.

"Ni wewe," alisema.

Almasi akapangusa mikono kwenye aproni.

"Harusi lini?"

"Baada ya siku nane."

Mwanamke akainuka. Akaweka mkoba begani, akaunyoosha mkono kwenye kaunta, akaigeuza picha yake ikalala uso chini.

"Niambie niondoke, nitaondoka. Sitarudi, na hakuna atakayejua. Nimeshakufa mara moja, mdogo wangu. Si kazi ngumu. Sema tu."

* * *

Shangazi alimvuta Almasi nyuma ya pazia, akamsukuma mpaka kwenye rundo la kadibodi.

"Mwambie aende."

"Shangazi…"

"Kwa nini usimwambie? Kajizika mwenyewe! Wewe ulimchimbia? Mwambie aende, jioni useme 'mzima', wiki ijayo tucheze."

"Nitalala vipi karibu na mtu, nikijua mkewe yu hai na yeye hajui?"

Shangazi akaketi juu ya kadibodi. Hakuwa mwanamke mbaya, msomaji wangu. Alikuwa anaogopa tu kwa niaba ya mwingine, na hofu ya namna hiyo huwa haichagui maneno.

"Basi sema lile jingine," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiulizwa, sema umevunjika. Unatoka msafi. Huna haja ya kumtaja huyu, huna haja ya kumwaibisha Mizani mbele za watu. Hakuna atakayekuuliza. Wao watapatana huko mbele kwa mbele."

Almasi akamkazia macho. "Wewe ulilisema."

"Nililisema."

"Kwa nini?"

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga. Akageukia rafu ya gundi, akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Miaka thelathini na moja," alisema akiwa amempa mgongo. "Wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Unajua hilo? Mwaka wa kwanza nilishukuru, nikasema wazee wetu walikuwa na akili. Mwaka wa pili nikaanza kungoja. Nikawa nakaa karibu na kaka yangu, nasema leo atauliza. Anazungumza habari za mvua. Mama yangu mzazi alikufa mikononi mwangu, akaniusia kila kitu, mpaka sufuria. Hilo hakuuliza. Mpaka leo mlango ukigongwa nadhani mtu kaja kuniuliza."

"Shangazi, mimi nakuuliza."

"Siyo leo." Akajifuta uso kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. "Leo ni yako. Saa tisa inakaribia. Amua."

Almasi alisimama. Alitembea mpaka kwenye pazia, akarudi. Akatembea tena. Kulikuwa na neno moja la kumpa mume na neno jingine la kumpa njia ya kutokea. Ee Mungu, alisema moyoni, nipe la tatu.

Akavua aproni. Akalipita pazia. Mwanamke wa gauni la kijani alikuwa bado amesimama pale pale, na Mjomba amempa maji ambayo hakuyanywa.

Almasi akamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, na ulikuwa mkono wa mtu hai.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Ukafufuke."

* * *

Sebule ya Baba Mkubwa ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Viti vya majirani, benchi la jikoni, wanawake mkekani, watoto wamefukuzwa uani. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Kila mtu alikuwa anatafuna kitu na kujifanya hana haraka.

Mizani alikuwa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, shati limenyooshwa mpaka mistari ya pasi ingeweza kukata mkate. Alipomwona Almasi akiingia na nguo za kazi, unga wa kioo kwenye nywele, akatabasamu. Ni mtu wa tabasamu la upole huyo. Almasi ilibidi aangalie pembeni.

"Ndiyo nini hii?" mmoja wa wanawake alinong'ona. "Bibi harusi au fundi?"

"Vyote viwili," mwenzake akajibu. "Hajui aache kipi."

Mwanamke wa gauni la kijani hakuwa ameingia. Alikuwa nje, chini ya kibaraza, kwenye benchi la kuvulia viatu, Mjomba amesimama karibu yake kama askari asiye na silaha.

Baba Mkubwa akagonga kikombe kwa kijiko. Kimya.

"Tumekusanyika kwa heri. Maneno ni machache, chai isipoe. Binti yetu, simama."

Almasi alikuwa ameshasimama. Hakuwa ameketi hata kidogo.

"Nakuuliza mbele ya wazee wako, mbele ya wageni wetu, na mbele ya Mungu anayesikia. Moyo wako mzima?"

Shangazi, aliyekaa kwenye kona ya mkeka, alifumba macho.

"Baba Mkubwa," Almasi alisema, "naomba uniulize swali jingine."

Minong'ono ikapita chumbani.

"Hakuna jingine. Ni hilo. Mzima, au…" Hakumalizia. Hata yeye hakupenda kulitamka.

"Sitasema mzima, kwa sababu nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu uliyemtaja hapa. Na sitasema lile la pili. Nikilisema mtaninyamazia. Mtanipisha njiani, mtanipa chai, mtazungumza habari za mvua mpaka nizeeke. Mimi sitaki kunyamaziwa. Moyo wangu unauma, Baba Mkubwa. Unauma, lakini haujavunjika. Niulizeni kwa nini!"

Hakuna aliyeuliza. Kijiko kilianguka mahali fulani. Baba Mkubwa aliwatazama wazee wenzake, wenzake wakatazama vikombe.

Sauti ikatoka kwenye kona ya mkeka, imepasuka kidogo.

"Kwa nini, mwanangu?"

Ilikuwa ya Shangazi. Vichwa vyote vikamgeukia, kisha vikarudi kwa Almasi.

Almasi akapiga moyo konde. Akamgeukia Mizani. Alitaka kulisema kwa upole, maana alikuwa anakwenda kumpa mtu habari ambayo ingeweza kumwangusha. Hata alishaangalia kama kiti chake kina mikono ya kushikilia.

"Mizani. Mkeo hakufa. Ujumbe ule ulikuwa wa uongo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutuma. Nimemshika mkono leo, kwa mkono wangu huu. Yuko hapo nje, kwenye benchi."

Nyumba ililipuka. Mwanamke mmoja akapiga yowe, mwingine akamwaga chai mapajani. Baba Mkubwa alisimama, fimbo ikamponyoka. Wazee wawili wakakimbilia dirishani wakagongana vichwa. "Yu hai? Nani yu hai?" kila mtu alikuwa anamwuliza kila mtu.

Almasi hakuwasikia. Alikuwa anamtazama Mizani, peke yake, akingoja.

Angepiga kelele. Angesema haiwezekani. Angeanguka, angekimbilia mlangoni, angeuliza nani, vipi, lini. Mtu yeyote angeuliza.

Mizani hakuinuka. Hakushtuka. Aliweka kikombe chake chini ya kiti, taratibu, asimwage. Akajifuta midomo kwa leso. Halafu akainama mbele, akamnong'oneza Almasi, kwa sauti ambayo katika kelele zile aliisikia yeye tu:

"Amekuja na mtoto?"